Elimu ya Karibu na Elimu ya Mbali

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Chukwani, Unguja)



Hatukuja na maneno ya kupamba, wala hatujidai kujua zaidi kuliko ninyi. Tumekuja kujibu swali. Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja, karani, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa mwenyewe hakupenda, alisimama akasema: "Binti yangu amemaliza Kidato cha Sita, na amefaulu. Amepata nafasi mbili. Moja ni ya ualimu wa sayansi katika chuo kikuu cha hapa Chukwani, na kutoka nyumbani kwangu ni mwendo wa miguu. Ya pili ni ya elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mshahara wangu mwaujua. Mama yake ana maradhi ya sukari. Nimpeleke wapi?" Wakati ulikuwa umekwisha, mkutano ukafungwa bila ya jibu, na Kamati ikatuagiza tulifikiri jambo hili na kuleta neno leo.

Tumelifikiri, na tumeona kwamba swali hili si la mtu mmoja. Kila mwaka matokeo yatokapo, nyumba nyingi za watumishi hukaa baraza ya namna hii usiku, baba na mama na wajomba, na barua mbili juu ya mkeka. Wengine huamua kwa hofu, wengine kwa sifa, na wengine kwa kuwa jirani amefanya hivyo. Twataka kuonyesha kuwa yako mambo ya kupimwa kabla ya kuamua, na kwamba maili ni moja tu katika hayo, wala si la kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Tusemapo kuwa chuo fulani ni karibu, ni karibu na nani? Sisi tulioketi hapa twaiona Chukwani kuwa uani petu. Hiki ndicho kijiji alichokijengea kasri Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, ili apate pahala pa kupumzikia mbali na kelele za mji. Leo lipo hapa Baraza la Wawakilishi, na kipo chuo kilichoanzishwa mwaka 1998 kuwa chuo cha ualimu, ambacho sasa chaitwa Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, kwa jina la tabibu wa Kuwait aliyefariki mwaka 2013. Mtoto wa Mbweni au wa Kiembe Samaki hutoka kwao baada ya kunywa chai na kuwahi darasa.

Lakini mtoto wa Micheweni je? Yeye hupanda gari mpaka Mkoani, kisha meli mpaka bandari ya Malindi, kisha daladala, na mwisho wa safari chumba cha kupanga kwa watu asiowajua. Mtoto wa Makunduchi naye, akitaka kulala kwao, hana budi kuamka kabla ya alfajiri na kurudi baada ya jua kuchwa, na saa zake bora za kusoma zimekwisha ndani ya gari. Kwa watoto hawa Chukwani ni mbali. Basi "karibu" ni neno la mwenye nyumba iliyo karibu, na tusilitumie kana kwamba ni sheria ya wote. Wazazi wa Pemba wamekuwa wakipeleka watoto wao ng'ambo ya bahari miaka yote bila ya kuandikiwa hotuba.

Tena tukumbuke kwamba njia hii itokayo mjini kuja Chukwani ni njia ya wanafunzi waliotoka mbali tangu zamani. Ukitoka Mji Mkongwe kuja kusini wapita Kiungani, ambapo Misheni ya Vyuo Vikuu ilianzisha skuli ya wavulana mwaka 1869, na baadaye wafika Mbweni, ambapo misheni hiyo hiyo ilikuwa na skuli ya wasichana. Wengi katika wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Hawa hawakuchagua umbali wao. Waliporwa kwao kwanza, ndipo wakapewa kitabu. Hata hivyo baadhi yao walivuka tena bahari kurudi bara, wakawa walimu na mapadri katika nchi za Masasi na Magila. Twawataja kwa heshima, na kwa kuwa habari yao yatufundisha jambo moja: umbali aliouchagua mtu na umbali aliotiwa ni vitu viwili mbalimbali, hata kama maili ni zile zile.

Wako na waliochagua. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi alizaliwa Barawa mwaka 1838, akaja kuwa kadhi na mwanachuoni mkubwa wa Unguja hata alipofariki mwaka 1896. Sayyid Ahmad bin Sumayt alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, akawa kadhi hapa Unguja, akasafiri Hadhramaut na Istanbul na Misri kwa ajili ya elimu, kisha akarudi akafundisha mpaka alipofariki mwaka 1925. Darasa zao zilivuta wanafunzi kutoka Lamu na Ngazija na pwani yote. Ndiyo kusema kwamba kwa mtoto wa Barawa au wa Ngazija wa siku zile, chuo cha mbali kilikuwa ni huu Mji Mkongwe wetu. Tumezoea kuwaza kwamba elimu ni kitu cha kwenda kukitafuta kwa watu, na twasahau kwamba watu nao walikuja kuitafuta kwetu.

Ilipokuja elimu ya vyuo vya kisasa mambo yaligeuka. Kijana wa Unguja aliyetaka kupita daraja ya sekondari hakuwa na la kuchagua. Makerere, iliyofunguliwa mwaka 1922 kuwa skuli ya ufundi, ilikuwa Kampala. Na kufika huko ilikuwa ni meli mpaka Mombasa, kisha gari la moshi, ambalo lenyewe lilifika Kampala mwaka 1931. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki cha London, na hapo ndipo ikawezekana kupata digrii bila ya kuvuka bahari ya Ulaya. Mwaka 1961 kikafunguliwa chuo kikuu kishiriki Dar es Salaam, kikaanza na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960 vijana wetu wengine walikwenda Misri, Urusi, Ujerumani ya Mashariki na China. Kabla ya mwaka 1998 hapakuwa na chuo kikuu Unguja wala Pemba. Mwaka huo kilianza hiki cha Chukwani, na Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu. Na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1999, kilianza kazi mwaka 2001.

Ndugu zetu, angalieni vyema miaka hiyo. Wazazi wetu hawakusumbuliwa na swali la karibu au mbali, maana karibu hapakuwapo. Aliyepata nafasi alikwenda, aliyekosa alibaki. Sisi ndio wazazi wa kwanza katika visiwa hivi wenye kuulizwa na watoto wao, "Nisome hapa au niende?" Si ajabu basi kwamba hatuna desturi ya kulijibu, na kwamba kila nyumba yajaribu kwa njia yake. Tukiwauliza wazee watatwambia habari ya kufunga safari na kuagana. Namna ya kupima, hawakupata haja ya kuijua.

Sasa tuje kwenye vipimo, na twaomba mvumilie, kwa kuwa hapa ndipo penye kazi.

Kipimo cha kwanza ni somo lenyewe. Aulizwe mwanafunzi: hiki unachotaka kusoma, je, kiko hapa? Kama kiko, na walimu wake ni wazuri, basi safari yahitaji sababu nyingine ya kuitetea. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wako vijana wanaotaka kwenda kusoma Kiswahili London, na mji huo kweli wafundisha Kiswahili, lakini Wajerumani na Wamarekani na Wajapani hufunga safari kuja kujifunza Kiswahili hapa Unguja. Kadhalika utabibu. Zamani mwenye kuutaka hakuwa na budi ya kusafiri. Lakini tangu mwaka 2007 madaktari wamekuwa wakifundishwa hapa hapa, kazi iliyoanza kwa msaada wa walimu wa Chuo cha Matanzas cha Cuba. Mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua tawi Bweleo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa taasisi hizo za India kufungua tawi nje ya nchi yao. Mtu asiyetazama huku na huku yamkini akavuka bahari kufuata kitu kilichokwisha kuvuka kumfuata yeye.

Lakini kama somo haliko hapa, basi mazungumzo yanageuka. Anayetaka kuwa daktari wa mifugo hana budi kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kumwambia asome kitu kingine kwa kuwa kiko karibu ni kumwambia awe mtu mwingine kwa kuwa nauli ni ndogo. Huenda akakubali, kwa kuwa watoto wetu wana adabu. Atasoma, atapata cheti, ataajiriwa. Na nyote mmewaona makazini watu waliosomeshwa jambo wasilolipenda, jinsi wanavyotazama saa ukutani.

Kipimo cha pili ni fedha, na hapa twasema kwa uwazi kwa kuwa sote twajuana mishahara yetu. Ada ni sehemu tu ya hesabu. Yaandikwe yote katika karatasi: ada, dakhalia au chumba cha kupanga, chakula cha kila siku, nauli ya boti na ya gari kwa kila likizo, vitabu, kompyuta, simu, na matibabu. Isisahauliwe miaka: digrii nyingi ni miaka mitatu au minne, na mahari ya mdogo wake au paa livujalo halitangoji. Mikopo ya Serikali ipo, ile ya Muungano na ile ya Zanzibar. Lakini mkopo ni deni, na masharti yake yasomwe kabla ya kutia saini, si baada ya kuhitimu. Twawaonya tena juu ya jambo tunalolijua: kuuza shamba la urithi ili kumpeleka mtoto mmoja. Mikarafuu ile na minazi ile ina wenyewe wengine, na ndugu waliobaki wakiona kuwa fungu lao limepanda boti na mkubwa wao, elimu hiyo italeta fitina badala ya neema. Wasomeshwe wote kwa zamu, na anayetangulia ajue kuwa ana deni kwa anayefuata.

Tukifanya hesabu hiyo tusidhani kwamba kusoma ukiwa nyumbani ni bure. Hilo ni kosa la kawaida, na hasa huwapata mabinti. Mwanafunzi wa kiume aishiye kwao akirudi chuoni huulizwa kama amekula. Binti akirudi huulizwa mbona maji hayajatekwa. Atapika, atafua, atawapeleka wadogo zake skuli, atampeleka mama hospitali ya Mnazi Mmoja, atapokea wageni wa arusi na wa hitima; na saa nne za usiku, wengine wakilala, ndipo afungue daftari. Mtoto huyo kwa mguu yuko karibu na chuo, lakini kwa wakati yuko mbali kuliko yule wa Dodoma. Mzazi amchaguliaye binti yake chuo cha karibu na amlipe gharama ya ukaribu huo: ampe meza, ampe taa, ampe saa tatu kwa siku zisizoguswa na mtu, na kazi za nyumba zigawanywe kwa wote, na ndugu zake wa kiume wakiwamo.

Kipimo cha tatu ni hofu. Wako wasemao kwamba hofu ya mzazi ni ujinga. Sisi hatusemi hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 meli Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe, kisiwa kinachoelekea pwani hii tuliyoketi. Wako katika sisi waliopoteza watu wao. Mama anayesimama gatini akamtazama mwanawe mpaka boti ipotee, ana haki ya kutetemeka. Lakini angalieni: meli ya mwaka 2011 ilikuwa baina ya visiwa vyetu wenyewe, na wanafunzi wa Pemba wajao kusoma Unguja hupita njia hiyo hiyo. Hofu ya bahari basi haituamulii suala la karibu na mbali. Itumike kwa kazi yake: mtoto afundishwe kutopanda chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama tikiti ameshaikata na wenzake wote wamepanda, na mzazi amtumie nauli mapema ili asilazimike kupanda cha mwisho.

Iko na hofu nyingine, ya maneno ya watu, kwamba binti aliyepanga chumba bara ataharibika. Mambo ya heshima hatuyafanyii mzaha. Twasema tu kwamba malezi hayangoji mtoto afike miaka 20 ndipo yaanze, na kwamba aliyelelewa vyema huchukua malezi yake pamoja na sanduku lake. Aulize mzazi dakhalia ikoje, nani mlezi wa wanafunzi, na nani katika jamaa au katika watumishi wenzetu aliye karibu na hapo. Mtu wa kumgongea mlango siku ya homa atamfaa mtoto kuliko waadhi mia za bandarini.

Kipimo cha nne, na kwetu sisi ndicho kikubwa, ni njia ya kurudi. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Umbali wa chuo haujulikani kwa kwenda peke yake. Wajulikana kwa kurudi. Mfano mkubwa tunao. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa mji huu wa Unguja, aliondoka akiwa kijana wa miaka 18 katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya mwaka 1964. Alisoma Canterbury, akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Kent, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Dunia yote ilimsifu, na sisi tulifurahi. Lakini katika habari zake liko jambo ambalo mzazi hawezi kulipita haraka: hakuweza kurudi Unguja mpaka mwaka 1984, na akawahi kumwona baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Maili za kutoka Unguja mpaka Canterbury zilikuwa ni zile zile miaka yote. Kilichomweka mbali ni mlango.

Milango ya leo hufungwa kwa namna nyingine. Yuko anayeshindwa kurudi likizo kwa kukosa nauli, mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka anazoea. Yuko aliyesoma jambo ambalo huku hakuna pa kulifanyia kazi. Yuko aliyechukuliwa na msaada wa nchi ya kigeni bila ya kuusoma mkataba wake. Na yuko ambaye njia iko wazi, nauli anayo, lakini nyumbani hakuna anayemngoja kwa mazungumzo. Kila akipiga simu huulizwa fedha tu. Huyo naye amefungiwa mlango, na aliyeufunga ni sisi. Twapenda kukariri ule msemo wa kuifuata elimu hata China, ambao wanavyuoni wengi wanaona sanad yake ni dhaifu. Na siku hizi vijana wetu China wanakwenda kweli kweli. Msemo huo wataja kwenda. Habari ya kurudi hatuna budi kuipanga wenyewe.

Baada ya vipimo hivyo turejee kwa mwenzetu na binti yake. Alitutajia mshahara, alitutajia maradhi ya mkewe, alitutajia umbali. Sote tulimsikia. Jambo moja halikutajwa, wala hapana aliyeuliza katika mkutano ule: binti mwenyewe ataka nini?

Twasema hivi bila ya kumlaumu, kwa kuwa ndiyo desturi yetu sote. Lakini barua ya Dodoma haikuanguka kutoka mbinguni. Mwenye kuomba chuo ndiye aandikaye masomo anayoyataka. Elimu ya miamba si jina linalomjia mtu kwa kubahatisha. Msichana aliyekulia juu ya matumbawe ya Chukwani aliliandika kwa mkono wake. Basi amekwisha kusema mara moja, na twaona ni haki aulizwe aseme mara ya pili, mbele ya baba na mama, bila ya kutazamwa kwa jicho la kumnyamazisha.

Akisema kwamba moyo wake uko katika ualimu, na kwamba Dodoma aliiandika ili kujaza nafasi tu, basi Chukwani ni chuo, na ualimu wa sayansi ni kazi ambayo skuli zetu zaihitaji mno. Asome hapa kwa heshima, apewe ile meza na zile saa tatu, na asidhani hata siku moja kwamba amepata elimu ndogo kwa kuwa hakupanda boti. Kama ana hamu ya kuona ulimwengu, iko digrii ya pili, na wakati huo atakwenda akiwa mtu mzima mwenye kazi yake.

Lakini akisema kwamba ni miamba anayoitaka, basi kwa kipimo cha kwanza jibu limetoka. Kwa kipimo cha nne nalo limetoka, maana Dodoma njia yake ya kurudi iko wazi. Boti ziendazo kasi huvuka mpaka Dar es Salaam kwa saa mbili hivi, na tangu mwaka 2024 reli mpya ya umeme yamfikisha mtu Dodoma siku ile ile. Babu zetu walioshika njia ya Makerere wangeiita safari hii matembezi. Kinachobaki ni fedha na mama. Fedha ni hesabu: ifanywe kwenye karatasi, mkopo uombwe kwa wakati wake, na jamaa waitwe kabla, si baada. Na mama, tunamwombea afya. Lakini tujiulize kwa haki: kama aliyepata nafasi ya Dodoma angekuwa ni mwana wa kiume, je, tungeuliza nani atabaki kumwangalia mama? Uuguzi wa mama ni wajibu wa nyumba nzima. Wako kaka zake, yuko baba mwenyewe, ziko dada za mama. Kama wajibu huo wapaswa kubebwa na mmoja tu, na mmoja huyo ndiye aliyefaulu, basi tutakuwa tumemwadhibu kwa kufaulu kwake.

Wako watakaotukumbusha kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli. Lakini fimbo iliyo karibu nayo, ikiwa haikukomaa, huvunjika mkononi.

Bwana Mwenyekiti, haimpasi mtu kutoa hotuba ya mashauri asitoe na mchango. Hivyo twaleta mbele ya mkutano mapendekezo matatu, na twaomba yajadiliwe leo.

La kwanza, Katibu wetu aandike daftari la wanachama na jamaa zao walioko Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na kwingineko bara. Watumishi wengi wamehamia Dodoma pamoja na ofisi za Serikali ya Muungano, na wako wa kwetu katika hao. Mtoto wa mwanachama afikapo mji mgeni, awe na jina moja la kuuliza na mlango mmoja wa kubisha. Na sisi wa Chukwani tufanye vivyo hivyo kwa watoto wa Pemba na wa Makunduchi wajao hapa. Mlango wa kubisha nao ni haki yao.

La pili, kila mwaka kabla ya kipindi cha kuomba vyuo, chama kiite mkutano mmoja wa wazazi pamoja na watoto wao. Twasisitiza: pamoja na watoto wao. Wanafunzi walioko vyuoni, wa karibu na wa mbali, waje waseme ukweli wa ada, wa vyumba na wa walimu. Mtoto mmoja aliyekaa dakhalia mwaka mmoja ajua zaidi kuliko sisi sote wenye mvi.

La tatu, kiwekwe kisanduku kidogo cha nauli ya likizo. Hatusemi chama kiwalipie watu ada, maana hatuna uwezo huo. Lakini nauli ya kumrudisha nyumbani mara moja kwa mwaka mtoto ambaye mzazi wake amekwama, hiyo twaiweza tukichanga kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Tumesema kwamba umbali hupimwa kwa kurudi. Basi na tuushike upande huo wa kamba.

Hatuna neno jingine ila kumtakia kheri binti wa mwenzetu, hapa au huko. Na mwenzetu tunamwomba, akirudi kwake leo, kabla ya chakula, amwite amwulize.